Mama amebeba chakula cha safari kwenye stesheni isiyo na treni

Leo Mama amenitia haya, kisha akaniliza.

Nilimwambia tu tunaenda kutembelea stesheni ya zamani hapa mjini Buffalo. Akabeba sombe, yale majani ya muhogo, na chapati! Kwao Kalemie, stesheni hauendi bila chakula.

Bon, nilisahau kumwambia treni ziliacha kufika zamani.

Tukaingia. Dari iko juu mpaka shingo inauma. Mama akanong'ona, "Yesu wangu, ni watu walijenga hii?"

Halafu akatandika kitenge chini, akafungua sahani. Nyinyi mngejificha wapi?

Mzee anayetembeza wageni akaja. Nikaomba radhi. Akavua kofia: "Tangu utoto wangu sijaona msafiri akila hapa."

Mama akamkatia chapati.

"Kula, papa. Treni inaweza kuchelewa."

Mzee akaketi kwenye kitenge.