Vitabu Vilivyouzwa Kabla ya Kuanua Matanga

Tarehe 11 Mei 2023, Adija Mossi, muuza vitabu vya mitumba katika mtaa wa Nyakabiga, alinunua vitabu sitini na viwili vilivyokuwa mali ya Herménégilde, mwalimu mstaafu wa historia aliyefariki Januari ya mwaka huohuo. Risiti ipo, na sahihi ni ya Adija. Vilikuwa vitabu vya aina anayoipenda kuliko zote: historia ya nchi za maziwa makuu, maisha ya machifu na mapadri, mila za ndoa, ng'ombe na ngoma. Aliyeviuza alikuwa Armel, kijana wa marehemu, aliyevileta katika magunia matatu ya mchele.

"Matanga imeisha?" Adija alimuuliza kabla ya kufungua gunia la kwanza.

"Zamani, Mama Adija."

Adija akaridhika. Yeye ni Mwislamu, mzaliwa wa Buyenzi, na kwao arobaini ikishasomwa, mali ya marehemu huweza kuguswa. Armel naye alikuwa na haraka, akachagua kufikiria zile siku chache za kukaa msibani baada ya maziko. Lakini katika ukoo wa mwalimu, matanga huanuliwa kwa sherehe waiitayo kuganduka, na sherehe hiyo ilikuwa bado. Mpaka siku hiyo ifike, kitu cha marehemu hakitoki nyumbani. Ukoo hukusanyika, vitu vikaonekana, na mrithi akatajwa majirani wakisikia.

Adija aliyajua hayo Alhamisi moja ya Oktoba, pale mwanamke mrefu mwenye kitenge cha buluu alipoingia dukani bila kubisha hodi. Alikuwa Dévote, dada mkubwa wa marehemu.

"We ndiye Adija?"

"Ni mimi, Mama. Karibu, kaa."

"Sikukuja kukaa." Alikuwa tayari anazisoma rafu. "Hii ya kijani ni ya kaka yangu. Na ile. Na hii yenye duara la kikombe. Alikuwa anaweka chai juu ya vitabu kama mutu hana meza."

Adija akaanza kueleza. Dévote akamkata.

"Jumamosi tunaganduka, kule kwake Cibitoke. Vitu vyake vyote vikuwe nyumbani. Kama kitabu kimoja kinakosa, nitasimama mbele ya batu, nitaje: Armel aliibia baba yake, na mwanamke wa Nyakabiga akamununulia."

"Mi nilimuuliza, Mama. Akasema matanga imeisha."

"Matanga ya nani? Yenu ao yetu?"

Alipoondoka, Adija alifunga nusu ya mlango, akakaa. Haikuwa hasara ya vitabu iliyomkausha mate. Akifa katekista, karani au mwalimu katika mji huu, mjane humwita Adija, humwonyesha chumba cha marehemu na kumwacha humo peke yake. Mwanamke aliyetajwa msibani kwa wizi haitwi tena katika nyumba ya mtu.

Aliviteremsha vitabu vya mwalimu, akavipanga sakafuni. Wanafunzi wa chuo huja kusoma wakiwa wamesimama, wachache hununua, na safari hii uzito wao wa kununua ulikuwa heri. Kilikosekana kimoja tu: maisha ya chifu mmoja wa tambarare ya Imbo. Adija alikikumbuka vizuri. Katikati mna picha: chifu amekaa kitini, na nyuma yake amesimama karani kijana, kalamu mfukoni. Siku ya kuvileta vitabu, Armel alikuwa amemwonyesha karani huyo kwa kidole. Alikuwa babu yake, baba wa Dévote na Herménégilde. Picha nyingine yake haikuwapo.

Kitabu hicho alikuwa amemuuzia Jovithe, mwalimu wa shule ya msingi huko Gatumba.

Na kwenye rafu ya juu alikuwa na nakala nyingine ya kitabu hichohicho, safi kabisa, aliyoinunua kwa padri mzee.

"Peleka hii," alisema Anouar, mdogo wake, fundi wa magari, akiigeuzageuza kwa vidole vyenye grisi. "Picha ni ileile. Nani atajua?"

"Weka chini, unaichafua. Ile ya mwalimu nayo ina duara la kikombe."

"Bon, hiyo nayo ni kazi? Lete chai."

"Toka hapa, mupumbavu we."

Ijumaa petroli haikupatikana mjini. Adija alisubiri basi muda mrefu, akalipata lililojaa, na alipofika Gatumba akamalizia njia kwa baiskeli ya abiria. Jovithe alimpokea uani. Kitabu kilikuwa juu ya kiti, kwenye jua, kimevimba kama mkate uliozidishwa hamira. Mvua ya kwanza ya msimu ilikuwa imeingia ndani ya nyumba na kukikuta sakafuni. Jalada lilining'inia kwa nyuzi mbili. Adija alikifungua katikati. Picha ilikuwapo. Mstari wa maji ya kahawia uliikata kwa upana, ukampita karani kifuani.

"Nipe nikirudishe, Mwalimu. Ni ya matanga."

"Mi nafundisha na hiki," Jovithe alisema. "Hata kikiwa hivi. Watoto wa hapa hawajui kama walikuwa na chifu."

"Niko na ingine kule duka. Safi."

"Lete, tubadilishane."

"Sherehe ni kesho, Mwalimu. Nikienda na kurudi nitachelewa."

"Wauza vitu wote wanasemaka hivyo."

Basi la kurudi lilikuwa linapiga honi barabarani. Adija akatoa simu yake, akamwekea kiganjani.

"Shika. Mutu atakimbia deni, hawezi kukimbia simu yake."

Jovithe akaitazama, akacheka, akampa kitabu.

Jumamosi asubuhi Anouar alileta pikapu ya mteja wake ikiwa na mafuta kidogo. Walipokwisha kupakia, alimkabidhi dada yake ile nakala safi. Kwenye jalada palikuwa na duara la chai, limekauka vizuri.

"Nimekusaidia," alisema.

Adija akaipokea. Akavitia vitabu vyote viwili katika mkoba wake, kilichovimba na cha duara bandia, wakaondoka.

Huko Cibitoke watu walikuwa wamejaa chini ya turubai. Vitabu viliwekwa juu ya mkeka, na Lisette, binti wa marehemu, akavihesabu kwa sauti. Armel alisimama karibu na mlango akitazama viatu vyake.

"Sitini na kimoja," Lisette alisema.

Dévote akamgeukia Adija. "Na kile cha chifu?"

Ndani ya mkoba mkono wa Adija uliligusa jalada laini, ukalivuka, ukagusa karatasi zilizokunjamana. Aliona Armel ameinua macho. Kwa nakala ile nyingine hesabu ingetimia bila maswali: kijana angesalimika, na yeye pia.

Alikitoa kilichovimba.

"Hiki nilikiuza, Mama, mukiwa bado ndani ya matanga. Kiliingia maji kule Gatumba. Nilipaswa kuuliza desturi ya kwenu. Niliuliza ya kwetu."

Dévote alikipokea kwa mikono miwili, akakifungua katikati, akamtazama baba yake pichani. Kisha akafunga.

"Jana nilikupigia simu," alisema. "Akajibu mwanaume. Nikasema, kumbe Adija ana bwana Gatumba, na sisi hatujakula pilau?"

Wanawake wa mkeka wa nyuma wakaangua kicheko. Adija hakucheka.

"Akanieleza yote. Akasema uko na ingine safi. Basi nilikuwa nangoja nione mukono utatoka na gani."

Kisha akasimama, na ingawa vitabu vilitimia, kwa Armel alichoahidi akakitimiza. Alimtaja Armel kwamba aliuza vitu vya baba yake ndani ya matanga, na Armel akasikiliza mpaka mwisho, mbele ya majirani waliomwona akizaliwa. Vitabu vikapewa Lisette. "Na mwanamke wa Nyakabiga," Dévote akasema, "amerudisha vyote." Adija akapewa kiti na chupa ya Fanta. Akainywa yote.

Jumatatu atapanda basi la Gatumba na ile nakala ya pili. Atamweleza Jovithe duara la chai limetoka wapi, kisha ataomba simu yake.