Jiwe la Ouma

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, mtaa mzima wa Kondele haukuwa na kijana mkali kama mimi, na aliyebisha hakuthubutu kubisha nikiwa karibu. Likizo nilipelekwa Pap Onditi, chini ya milima ya Nyakach, kwa nyanya yetu, ambaye sote tulimwita Dani. Alikuwa na sheria moja. Anayepanda mlima aweke jiwe lake juu ya ukuta wa jikoni na aseme anapita njia gani. Akirudi, aliondoe mwenyewe.

"Mlima huhesabu watu," alituambia. "Usipohesabiwa nyumbani, utahesabiwa kule. Utaitwa kwa sauti unayoijua. Usiitike."

Nilicheka. Kijana wa Kondele aogope kokoto?

Siku moja Dani akaenda sokoni. Nikamchukua Ouma, binamu yangu wa miaka minane, nimwonyeshe ziwa kutoka juu. Hatukubeba maji wala sweta, na miguuni tulivaa slipa. Ouma akaweka mawe mawili ukutani.

"Kwani wewe ni mama mzee?" nikamtania. "Dani akiyaona atajua tumepanda bila kumwambia, tutachapwa." Nikayatupa kwenye migomba.

Tulipofika juu, ziwa halikuonekana. Ukungu ulishuka, mvua ikafuata, na slipa ya Ouma ikakatika. Nikamwambia akae chini ya mwamba, asisonge, nitafute njia. Sikuenda mbali. Nilipogeuka, mwamba haukuonekana tena.

Ndipo nikasikia jina langu, "Odhis! Odhis, kuja!"

Ilikuwa sauti ya Ouma, lakini ilitoka upande ambako sikumwacha. Sikuitika. Nilikimbia mteremko wote bila kuangalia nyuma, mimi yule mkali.

Nilimkuta Dani amesimama karibu na ukuta mtupu. Kwa kuwa hakuona mawe, alikuwa ametuma majirani wote watutafute mtoni.

"Ouma yuko wapi?"

Nikaonyesha mlima kwa kidole.

Majirani walirudishwa kutoka mtoni, wakapanda. Walimpata jua likizama, ndani ya korongo, mguu umevunjika gotini. Haukunyooka tena.

"Si nilikwambia usisonge?" nilimuuliza alipoweza kuongea.

"Si uliniita? Uliita mara tatu. Nikafuata."

"Wewe ndiye uliniita!"

"Mimi? Sikufungua mdomo, Odhis. Niliogopa."

Dani alikuwa mlangoni na kikombe cha uji. Alitusikia. Alimpa Ouma uji, akatoka.

Siku hizi ninaendesha boda, na kelele zangu mnazijua. Vijana wa steji yetu ya pikipiki walipotaka kupanda Mlima Elgon, mimi niliyeacha shule kidato cha pili niliwakagua kama mwalimu mkuu: viatu, sweta, maji, tochi. Mmoja alikuja na ndala, nikamrudisha. Kila mtu awaambie wa nyumbani njia yetu na siku ya kurudi. Walinicheka mpaka wakachoka.

Kabla hatujaondoka nilipitia kibanda cha Ouma, anakotengeneza simu. Nikaweka jiwe dirishani, nikamtajia njia. Siku tatu baadaye nililikuta palepale, amelifuta vumbi, nikaliondoa kwa mkono wangu.

Sauti tulizosikia zilikuwa za nani, mpaka leo sijui. Yale mawe mawili kwenye migomba, mkono ulioyatupa naujua.