Kanisa la Akina Mwende

Enzi zile tulipokuwa tukienda kanisani pale Kathonzweni, viatu tumevibeba mkononi visichakae, mimi nilikuwa na wivu mmoja ulionikaa rohoni. Nilimwonea wivu Mwende, rafiki yangu wa darasani, kwa sababu ya kanisa lao.

Uzuri halikuwa nao. Lilikuwa la matope na nyasi, ng'ambo ya mto wa mchanga, na nyuki walihamia paani. Letu ndilo lilikuwa na mabati yanayong'aa, kengele, na tangi la mawe la kuvuna mvua, lenye kufuli. Ufunguo ulikaa shingoni mwa baba yangu, mzee wa kanisa, umefungwa kwa kamba ya katani. Maji yale yaliwekwa kwa ajili ya washirika, siku ya shida.

Lakini Jumamosi, jamani. Akina Mwende walifanya mwethya, ile kazi yetu ya kijiji kizima kusaidiana, na hawakuuliza mtu anasali wapi. Badala ya kununua mabati, walijenga ukuta wa mawe kukatiza mto, ili mchanga ujae nyuma yake na kushika maji. Nikiwa kilimani na mbuzi niliwasikia akina mama wakiimba wakipitishiana mawe, nikanusa isyo, mahindi na kunde, ikitokota kwenye sufuria kubwa. Watoto wote walikula pale, isipokuwa sisi.

"Wewe uko na kanisa yako," baba aliniambia.

Jumatatu Mwende alinihadithia yote, nami nikainama kujifanya nafunga kamba za viatu ambavyo sikuwa nimevaa.

Kisha mvua ikakosa misimu miwili. Watu walikuja kuomba maji kwenye tangi letu, baba akawarudisha. Mbuzi wetu tu ndio walionenepa, maana nyuma ya kanisa paliota majani mabichi, nasi tukayaita baraka. Siku ya shida ilipofika, baba alifungua kufuli mbele ya washirika na mitungi yao. Tangi lilikuwa kavu. Ufa wa chini ulikuwa umeyanywesha yale majani muda wote huo.

Tulivuka kwenda mtoni kwa akina Mwende, kanisa zima. Niliogopa watatufukuza, na hapakuwa na maji kwingine. Mama Mwende alikuwa ndani ya shimo kwenye mchanga, anachota kwa kibuyu. Alimtazama baba, ufunguo bado uko shingoni.

"Baba Nduku, leta hiyo mtungi hapa mbele. Nyinyi mumetoka mbali."

Hatukuwa tumetoka mbali hata kidogo. Baba alisema asante kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani. Nilimwangalia Mwende akimsaidia mama yake kujaza mitungi yetu, na wivu ukanitoa machozi.

Siku hizi kanisa letu lina spika zinazotikisa madirisha, na vijana huingia ibadani na chupa ya maji mkononi utadhani wanakwenda Kibwezi kwa miguu. Kanisa la akina Mwende bado ni dogo. Mwende ni nyanya kama mimi, na bado namwonea wivu. Mgeni akiuliza njia, hata washirika wetu humwelekeza, "Pitia pale kwa kanisa ya maji."

Letu huitwa ile ingine.