Benchi la Zege la Mama Marinda

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Mawingu tangu alfajiri, manyunyu mchana, upepo wa baridi wa kubamiza milango. Siku hiyo mume wa Mama Marinda, dereva wa malori ya safari ndefu, alirudi nyumbani akiwa amebeba begani zulia la nyasi za plastiki, limekunjwa kama mkeka.

Jina la Mama Marinda alipewa na wateja. Alikuwa fundi mapazia, na mtaani hakuna aliyemfikia kwa marinda, lesi na vishada. Sebule yake ndiyo ilikuwa karakana: cherehani dirishani, majora ya vitambaa juu ya kochi, mito ya maua imerundikana hadi mlangoni. Kutwa nzima alishona maua ya watu. Jioni akifumba macho, aliyaona bado yanamchezea.

Alichokipenda yeye ni jengo la posta ya zamani, karibu na duka analonunulia uzi. Lilikuwa la zege tupu, halijaonja rangi tangu lijengwe, na alama za mbao zilizofungia zege zilikuwa bado ukutani, mistari na vifundo vyake. Watu walisema limekaa kama gereza. Yeye alisema linapumzisha macho. Mteja wake mmoja, msanifu majengo, alimwambia mtindo ule una jina lake la kigeni. Jina hakulishika, mtindo aliushika.

Basi mumewe alipokuwa safarini, alianza kazi kwenye roshani. Maua ya plastiki, nje. Pazia la shanga, nje. Akakwangua rangi ya waridi ukutani mpaka zege likajitokeza. Akamwita mwashi wa ghorofa ya chini amwonyeshe mahali pa kuweka benchi lisiilemee sakafu, kisha akapigilia boksi la mbao chakavu, akachanganya mwenyewe saruji, mchanga na kokoto, akamimina. Lipu hakupiga. Alipobandua mbao, mistari yake ilikuwa imebaki kwenye zege, sawasawa na ya posta. Kila asubuhi akawa analimwagilia maji lisipasuke.

Roshani yenyewe ilikuwa upana wa hatua mbili. Lakini katika nyumba ile ndipo pahali pekee pasipokuwa na oda ya mtu.

Wifi yake, dada wa mumewe, ndiye aliyewasha moto. Alifuata shuka zake, akachungulia roshani, akashika kiuno.

"Mh! Mganga hajigangi kweli. Mji mzima umeuvalisha mapazia, kwako uchi!"

"Kipenda roho hula nyama mbichi, wifi. Karibu ukae."

"Nikae juu ya kaburi? Ahadi yangu haijafika!"

Hata hajafika kwake, alishampigia kaka yake simu: "Mkeo anakujengea kaburi ghorofani. La zege! Na kila asubuhi analimwagilia, sijui anangoja liote nini."

Ndiyo asili ya lile zulia.

Mume alilitua mlangoni, akatazama ukuta wa kijivu, akatazama benchi. Alikuwa mtu mpole, lakini maneno ya dada yake alikuwa ameyabeba njia nzima.

"Mama watoto, umekosa nini humu ndani hata ukatujengea gereza?"

"Sijakosa kitu. Nimezidiwa."

"Majirani watasema nimeshindwa kununua rangi."

"Waambie nimeikwangua mwenyewe. Ushahidi huu hapa," akamwonyesha kucha zake zilizokatika.

Mume akashusha pumzi. "Sikiliza, tusivunjiane heshima. Zulia tunalitandika chini. Hilo dude unalishonea foronya nzuri, yenye marinda, mambo yaishe."

"Marinda?" Mama Marinda akacheka, kicheko kikavu. "Ya mteja nitashona mpaka macho yatoke. Hapa, ng'o! Roshani hii nikiifunika leo, kesho utanifunika mimi."

"Basi kesho asubuhi nalivunja."

"Kesho si mbali."

Walikula kila mmoja akitazama sahani yake. Zulia likalala pale pale mlangoni, na kila aliyepita alilazimika kuliruka.

Asubuhi manyunyu yalikuwa yamekatika. Mama Marinda aliamka wa kwanza, akachemsha chai, akamimina kikombe cha mumewe. Kando yake akaweka nyundo.

"Baba watoto! Chai inapoa, na kifaa chako kiko tayari."

Mume akatoka na kikombe mkono huu, nyundo mkono huu. Akaligusa benchi kwa ncha ya kandambili, akapitisha macho kwenye ile mistari ya mbao, mwanzo hadi mwisho. Akakohoa.

"Nyundo yenyewe ndogo hii."

"Mwashi wa chini ana kubwa. Nikakuazimie?"

Mume akanywa chai amesimama, macho barabarani, kama anayengoja mtu fulani apite.

Mama Marinda hakumngoja. Alikunja mikono ya gauni, akavuta karai, akakung'utia humo saruji iliyosalia alipojenga benchi, akaongeza mchanga, akaanza kugeuza kwa mwiko.

"Sogeza miguu," akamwambia. "Meza inakaa hapo."