Maneno Ambayo Bi Karani Hakuyaandika

Kwa miaka ishirini na mitatu mwanamke huyu alikaa kwenye meza ndogo mbele ya kiti cha Meya, akiandika yanayosemwa katika baraza la manispaa. Jina lake analo, lakini hata mumewe, dereva mstaafu anayelala na redio sikioni, humwita Bi Karani, kwa utani uliogeuka mazoea. Mkono wake mwepesi ajabu. Diwani afoke anavyotaka, atemee mate kipaza sauti, yeye anayadaka maneno yote na bado anapata nafasi ya kupiga funda la chai. Madiwani walikuja na kuondoka, wengine na vitambi, wengine na kesi, na yeye alibaki palepale na kalamu zake za wino mweusi.

Kazi alifundishwa na karani mzee aliyemtangulia. "Mwanangu," alimwambia siku ya kwanza, "yote huyawezi. Andika neno kwa neno yale watakayoyagombania kesho. Mengine fupisha." Na usidhani huo ulikuwa ushauri wa kipuuzi. Madiwani ni watu wa ajabu: Jumanne mtu anamwita mwenzake mwizi, Alhamisi anakana kwa viapo, na hapo ndipo Bi Karani hufungua kumbukumbu na kusoma kwa sauti yake nyembamba mpaka mheshimiwa anatafuta pa kuficha uso. Basi hasira aliziandika zote. Makofi aliyatia kwenye mabano, na vicheko vilevile. Lakini bwana afya akija kueleza mambo ya vyoo, mkono ulipumzika: "Alitoa maelezo kwa kirefu. Maelezo yalipokelewa." Nani aliwahi kugombania vyoo? Rasimu yake aliichana kila mara kikao kilipothibitisha kumbukumbu, maana ndivyo alivyofundishwa na makabati yalikuwa yamejaa.

Katika baraza hilo kulikuwa na diwani waliyemwita Radi. Mwenyewe alilipenda jina hilo. Radi alikuwa na kipaji, tusimnyime haki yake: aliweza kusimama kuzungumzia taa za barabarani na baada ya dakika mbili watu wa viti vya nyuma wanafuta machozi na kutafuta mtu wa kupiga. Debe tupu, utasema. Haya, lakini debe lenyewe lilijaza ukumbi kila lilipovuma. Bi Karani naye alimfurahia, na hilo alikuja kulikiri baadaye kwa uchungu. Siku za Radi saa zilikwenda mbio na mkono haukuchoka.

Siku ya Injinia ilikuwa tofauti. Injinia wa manispaa alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye miwani iliyofungwa waya upande mmoja. Miezi mitatu nyuma alikuwa ameandika ripoti kuhusu ukuta wa soko, ule unaozuia kilima kisiwaangukie wauzaji wa safu ya chini. Ripoti ilisema ukuta "unahitaji kufuatiliwa." Halafu mvua za kwanza zikanyesha, akaenda na timazi yake kupima kama ukuta bado umesimama wima, akaona jambo. Hakuandika ripoti nyingine, kwa sababu alijua madiwani hawasomi. Ripoti ya kwanza aliikuta chini ya chupa za maji. Akaomba ubao na chaki. Alitaka waelewe, maskini, akaamini mtu akichorewa kitu ataelewa.

Akachora. Alisema polepole, akirudia, akiwauliza madiwani, "Hapo tuko pamoja?" Wengine walikuwa kwenye simu zao. Bi Karani alitazama mkono wa shati la Injinia ulivyojaa vumbi la chaki, akawaza sabuni nyumbani imekwisha, akapumzisha vidole. Katikati ya maelezo diwani mmoja akaropoka, "Kwa kifupi, usipoziba ufa utajenga ukuta!" Ukumbi ukacheka. Bi Karani akaamka, akaandika methali yote, akaongeza: (Vicheko). Methali tuliyoimbishwa sote darasani, jamani, na ikapita pale kama mzaha.

Injinia alipomaliza aliomba safu ya chini ifungwe kwa muda. Radi akasimama.

"Mmemsikia?" aliuliza viti vya nyuma, ambako wauzaji walikuwa wamejaa. "Amesema kosa ni lenu! Mama zangu mnaoamka alfajiri, ninyi ndio mmeharibu ukuta! Huyu msomi wetu anataka mfukuzwe, halafu tuone ni tajiri gani atajenga hapo! Nitalala mlangoni pa soko. Atakayetaka kulifunga anikanyage mimi kwanza!"

Simu zote zikainuka juu kumrekodi. Watu wakapiga viti, mwanamke mmoja akapiga vigelegele. Ukurasa mmoja na nusu Bi Karani aliandika, neno kwa neno, (Makofi), (Makofi marefu). Kura zikapigwa na ukuta ukaachwa kama ulivyo. Juu ya Injinia aliandika: "Injinia alitoa maelezo ya kitaalamu kwa kirefu. Maelezo yalipokelewa."

Baada ya kikao alimkuta Injinia akifuta ubao mwenyewe. "Na wewe baba," alimtania, "mbona hukufoka kidogo? Hawa ni watu wa kufokewa."

"Nikifoka wataniogopa mimi," alisema Injinia. "Nilitaka wauogope ukuta."

Bi Karani akaona ni mtu wa vitabu tu, akaenda zake kununua sabuni.

Ukuta ulianguka wiki ya tano baada ya kikao, saa nne asubuhi, soko likiwa limejaa. Watu saba walikufa. Mmoja wao alikuwa fundi cherehani aliyemshonea Bi Karani magauni ya kazini kwa miaka kumi na minne, mama mcheshi aliyezoea kumwambia, "Wewe kaa tu, makalio nitayaficha mimi." Walimtoa siku ya pili. Bi Karani alilia mpaka mumewe akazima redio, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya tangu astaafu.

Na Radi je? Alifika wa kwanza. Alichimba kwa mikono, tena kweli, kucha zilimtoka damu. Alibeba majeneza yote saba. Kisha akapanda juu ya kifusi, akapaza sauti: "Nani alituambia? Wasomi wanalipwa kwa kodi zetu, nani alituambia?" Jioni hiyohiyo watu walivunja madirisha ya nyumba ya Injinia, na mkewe akahamia kwa wazazi wake na watoto. Wiki iliyofuata Injinia alikamatwa kwa uzembe uliosababisha vifo.

Tume iliundwa, chini ya jaji mstaafu. Ikaitisha kumbukumbu za baraza. Bi Karani alizifungua kwanza mwenyewe, akasoma. Pale palikuwa na Radi mzima, na makofi yake. Palikuwa na methali na vicheko. Injinia alikuwa na mistari miwili. Yeyote angesoma angeona mtu aliyetaka kuwahamisha wauzaji bila sababu yoyote, na ripoti ya zamani iliyosema ukuta ufuatiliwe. Madiwani thelathini na mmoja walipita mbele ya tume, na wote, bahati mbaya iliyoje, walikuwa wamesahau. Wauzaji nao walimkumbuka Radi tu, na neno la Injinia mwenyewe lilikuwa la mshtakiwa.

"Nitakwenda niseme," alimwambia mumewe.

"Mkurugenzi wako anasemaje?"

"Anasema kumbukumbu zikishathibitishwa haziguswi. Na kwamba nimebakiza miezi mitano nistaafu, nisitafute makuu."

Mumewe aliitoa redio sikioni. "Nenda," alisema. "Yule bwana ana watoto."

Alikwenda. Alivaa gauni alilomshonea marehemu fundi wake, akaapa, akasema mbele ya watu wote kwamba Injinia alionya na yeye hakuandika. Ukumbi ukanong'ona. Injinia alikuwa amekaa pembeni kati ya askari wawili, akainua uso. Kwa mara ya kwanza tangu akamatwe alionekana mtu mwenye tumaini.

"Vizuri sana, mama," alisema jaji, bila ukali. "Sasa tuambie alionya nini."

"Alisema ukuta ni hatari."

"Hatari kwa sababu gani? Jitahidi kutumia maneno yake."

Bi Karani akafungua mdomo. Aliuona ubao, aliuona mkono wa shati uliojaa chaki. Maneno hayakuwepo. "Alichora," alisema. "Alichora maji."

"Maji gani?"

"Ya... nyuma, nadhani."

"Alisema safu ifungwe kwa muda gani?"

"Sikumbuki."

"Alisema utaanguka?"

Hapo angeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, na nani angempinga? Lakini mwanamke aliyeishi kwa kuandika yale tu aliyoyasikia alishindwa kulitoa. "Sikumbuki, mheshimiwa. Sikuwa nasikiliza."

Jaji akavua miwani. "Na diwani? Unakumbuka alichosema?"

Alikumbuka. Mungu wangu, alikumbuka! Yalimtoka yenyewe, kuanzia "Mmemsikia?" mpaka "anikanyage mimi kwanza," bila kukosea hata neno, na alipofika mwisho watu wa nyuma wakapiga makofi. Waliokuwa wamefiwa nao walipiga. Injinia akainamisha uso tena.

Baadaye Bi Karani alimkuta Injinia kwenye benchi nje ya ukumbi, askari mmoja yuko naye, wanangoja gari. Alipiga magoti mbele yake bila kujali nani anaona.

"Nisamehe, baba."

"Inuka, mama. Umesema kweli."

"Nieleze tena. Tafadhali. Safari hii nasikiliza."

Injinia alimtazama askari, askari akatazama saa, akasema gari bado. Basi Injinia akasimamisha kiganja chake cha kushoto. "Huu ni ukuta. Ulijengwa ubebe udongo, na udongo unaubeba vizuri tu. Haukujengwa kubeba maji. Ndiyo maana waliuachia matundu chini, mvua ikinyesha maji yatoke." Akagusa chini ya kiganja. "Maji hayo ya tope yakawa yanachuruzika kwenye vitambaa vya akina mama. Wakayaziba matundu kwa matambara na saruji. Hawakuwa na kosa, nani angeacha mali yake iharibike? Sasa maji yanakusanyika nyuma." Mkono wa kulia ukaanza kusukuma, na kiganja kikalala kidogokidogo. "Nilipima. Kila mvua ulikuwa unainama upana wa kidole. Nikasema safu ya chini ifungwe wiki moja, tuzibue matundu, tuwachimbie mtaro. Wasihamishwe, wasilipe kitu."

Akashusha mikono. Haikuchukua hata dakika nne. Bi Karani alielewa yote, mpaka mwisho, na kuelewa kwenyewe kulimuuma kuliko kitu chochote alichowahi kusikia.

Askari alikuwa ameinama akifuatilia mikono ile. Alikuwa mtu mzima, mwenye sura ya mtu anayejenga nyumba yake mwenyewe kidogokidogo. "Kumbe!" alisema. "Kumbe ni kuzibua matundu tu?"

"Ndiyo."

"Ah, sasa hilo hata mtoto anaelewa." Akatikisa kichwa, akamtazama mahabusu wake kwa masikitiko ya kweli. "Mzee, mbona basi hukuwaambia?"

"Aliwaambia," alisema Bi Karani. "Mimi nilikuwepo."

Askari alimwangalia mama huyo mwenye macho mekundu, na ilikuwa wazi kwamba anamhurumia na hamwamini. Nje gari lilipiga honi. Akamshika Injinia mkono, taratibu tu, wakaondoka.