Albamu Tano za Jukwaani na Papa wa Vifungo

Nilikuwa juu ya ngazi, pini tatu mdomoni, nikitundika mapazia katika nyumba moja ya Area 47, mtaa wa Lilongwe, niliposikia hevi metali vizuri kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo nilikuwa nimeikuta kwa bahati tu, kwenye filamu za mapigano au kwenye simu ya abiria mwenzangu. Mwenye nyumba, mhandisi wa maji aliyestaafu, alidhani nimeshamaliza kazi na kuondoka. Aliweka sidii, akaongeza sauti ya spika zake kubwa, akakaa na kufumba macho. Zikaja kwanza kelele za watu wengi mno. Kisha ngoma. Kisha magitaa mawili yakifukuzana, na mwanamume mmoja akapaza sauti kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya ziwa.

Mimi ni mshonaji, mzaliwa wa Uvira, Kongo, na kwenye kwaya ya kanisa letu naimba sauti ya pili. Ningetegemewa niuchukie muziki ule. Badala yake nilisimama pale juu mpaka mkono ulioshika pazia ukaingia ganzi. Mzee alipofumbua macho na kuniona, aliona haya, akaomba radhi kwa Kiingereza na kwa Kichewa, akanyoosha mkono apunguze sauti. Nilitoa pini mdomoni nikamwambia asipunguze.

Alifurahi kuliko nilivyotarajia. Nadhani nyumbani kwake hapakuwa na mtu wa kumsikiliza. Mkewe, ambaye ndiye aliyenipa kazi ya mapazia, alikuwa na desturi ya kwenda bustanini kila sidii zile zilipotoka kabatini. Akanieleza kwamba ile ni bendi ya wanaume wanne kutoka mji wa viwanda huko Ulaya. Albamu walizorekodi studio ni nyingi, lakini yeye anazipenda zile za jukwaani, zilizorekodiwa mbele ya watu. Zipo tano, na nyimbo zake ni karibu zilezile. Akazinakili zote kwenye flashi yangu, akafuta majina na miaka, akazichanganya makusudi. Nitakaporudi kushona vifuniko vya makochi, alisema, nimpangie kuanzia iliyo bora hadi ya mwisho.

"Usije ukaniambia umezipenda zote," alisema. "Mtu anayependa zote hajasikiliza."

Chumba changu cha kushonea kiko sokoni Dzaleka, kambi ya wakimbizi. Ukuta wa pili ni wa mzee mmoja wa Kindu, nako ni Kongo, anayeuza vifungo, zipu, nyuzi na mipira ya kiunoni. Ni Mwislamu, mtoto wa mfanyabiashara na mjukuu wa mfanyabiashara, na miaka yake imepita sitini. Mimi namwita Papa, yaani baba, kama tunavyosema kwetu. Yeye ananiita Mama, ingawa angeweza kunizaa. Kwa miaka sita tulikuwa tumezungumza habari za zipu na salamu za afya, basi.

Siku ya kwanza nilipoweka flashi ile kwenye redio yangu ndogo ya sola, alikuja akasimama mlangoni na futi ya kupimia mkononi.

"Mama, hawa bantu banaimba ao banapigana?"

Nilimwambia wanaimba, nikamweleza kazi niliyopewa. Alisikiliza wimbo mmoja mzima, akarudi kwenye vifungo vyake. Nikadhani nimemuudhi, nikapunguza sauti. Kesho yake asubuhi alikuja na kigoda chake akakaa upande wa ndani, mahali ambapo aliweza kusikia muziki na kuona meza yake kwa pamoja.

Kilichomnasa ni wimbo mmoja ambao tuliuita wa treni, kwa kuwa hatukujua jina lake. Gitaa linaanza polepole, kama magurudumu yanayosita, kisha ngoma zinaingia na mwendo unakolea. Papa alikulia karibu na stesheni ya Kindu, na treni anazijua. Wimbo ule ulikuwemo kwenye albamu zote tano, na tulipousikiliza kwenye ya pili alitikisa kichwa. Treni yenye mizigo, alisema, haiwezi kuondoka kwa kasi namna ile. Hawa walikuwa na haraka ya kwenda kulala. Nikaurudisha tuulinganishe na ule wa kwanza. Alisema kweli.

Tangu siku hiyo tukawa na utaratibu, na utaratibu ulikuwa wake. Tulichukua wimbo mmoja, tukausikiliza mara tano, albamu baada ya albamu, ndipo tukaenda kwenye mwingine. Alisema vitambaa havilinganishwi kwa kukumbuka. Vinatandazwa mezani kimoja ubavuni mwa kingine. Mimi wakati huo nilipiga pindo tu. Kukata nilikuacha kwa saa za kimya, baada ya kukata mkono wa shati la mteja kichwa chini nikisubiri gitaa liingie.

Albamu tulizipa majina wenyewe. Moja tuliiita Safi, kwa sababu kila ala ilisikika mahali pake na hakuna aliyekosea hata mara moja. Nyingine ni Mbio, ile ya treni isiyokuwa na mizigo. Ndefu ilikuwa na sehemu ambapo mpiga ngoma anaachwa peke yake, na anapiga muda wa kutosha mtu kupasha pasi ya mkaa na kunyoosha suruali. Pangoni ilisikika kana kwamba mtu alirekodi akiwa amekaa ndani ya pango, mbali, na bendi iko nje. Hiyo tuliiweka ya mwisho sote wawili bila kubishana.

Ya tano ni Mvua. Ilirekodiwa nje, na mvua inasikika kati ya nyimbo. Katikati ya wimbo wa treni umeme unakatika. Magitaa yanakufa mara moja, inabaki ngoma peke yake, na watu wanauchukua wimbo wao wenyewe, maelfu yao, wakiimba ile sehemu ya gitaa kwa midomo. Umeme unaporudi, bendi inaingia palepale watu walipofika, wala si pale yenyewe ilipoachia. Mwimbaji anajaribu kuendelea na sauti inamtetemeka. Nilimwambia Papa kwamba huyo bila shaka ni kijana, hajazoea kupendwa na watu wengi hivyo.

Kwangu Mvua ilikuwa ya kwanza. Kwa Papa, Safi.

Tulibishana miezi. Alinishangaa, na mimi mwenyewe nilijishangaa kidogo, kwa maana mshono ukipinda milimita mbili huwa naufumua wote.

"We ukishona mubaya unafumua," aliniambia. "Hawa bakikosea, unabapigia makofi. Juu ya nini?"

Nilijibu kwamba nguo inavaliwa baada ya mshonaji kuondoka, lakini tamasha linavaliwa likiwa bado mikononi mwa fundi. Alilifikiria jibu hilo kutwa nzima, akarudi jioni kusema halijamridhisha.

Kila ilipokaribia saa ya adhuhuri nilizima redio kabla hajaniomba, na aliporudi kutoka msikitini tuliendelea na wimbo uleule. Ramadhani ilipoingia aliacha muziki kabisa. Nikasikiliza peke yangu wiki moja, nikaona haina ladha. Kila nilichoamua kilikubaliwa palepale, na mimi mwenyewe. Nikazima nami, nikangoja Idi. Mama mmoja wa kwaya yetu aliwahi kusimama mlangoni akaniuliza kama huu si muziki wa shetani. Papa ndiye aliyemjibu. Alimwambia kwa upole kwamba hawa ni watu wa viwandani, wanapiga kelele kama wanavyopiga watu wanaobeba kitu kizito pamoja. Yule mama aliondoka bila kukubali, ila hakuuliza tena.

Siku ya vifuniko vya makochi ilipofika, Papa alisema naye ana safari ya Lilongwe kununua zipu. Zipu alikuwa nazo tele, nami nilijua. Tulichukua ruhusa zetu za kutoka kambini, tukapanda basi dogo asubuhi. Tulipitia maduka ya Kawale, akanunua pakiti mbili ili asiwe amesema uongo, kisha tukaenda Area 47. Alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi na koti juu yake.

Mhandisi alitupokea kama wageni wa sherehe. Mkewe akatuletea chai na mandasi, akatutazama sote watatu, akaenda zake bustanini. Papa na mwenye nyumba walisalimiana kwa Kichewa cha sokoni, zikomo, yaani asante, nyingi pande zote mbili, na mimi nikawa mkalimani. Nilisoma mipango yetu miwili kutoka kwenye karatasi niliyochorea ruwaza ya vifuniko. Yangu: Mvua, Safi, Mbio, Ndefu, Pangoni. Ya Papa: Safi, Ndefu, Mvua, Mbio, Pangoni. Ndefu aliipandisha kwa ajili ya mpiga ngoma. Alisema mtu aliyefanya kazi muda wote huo bila kusaidiwa anastahili.

Mhandisi alisikiliza kwa makini, akauliza sababu za kila nafasi. Kisha akatoa sidii zenyewe kabatini, akazipanga mezani na majalada yake, na akaanza kutuambia ukweli.

Alianza na Safi. Usiku ule, alisema, bendi ilipiga vibaya sana. Baadaye walirudi studio, magitaa yakapigwa upya, sauti ikaimbwa upya, na hata makofi mengine yaliletwa kutoka tamasha jingine. Kilichobaki cha jukwaani ni ngoma tu.

Nilimtafsiria Papa. Ningeweza kufurahi, maana huo ulikuwa ushindi nilioutafuta miezi mingi. Lakini nilimwona ameshika kikombe bila kunywa, na furaha haikuja. Akakiweka chini, akanigeukia mimi, si mwenye nyumba.

"Mama, nguo ukiifumua, ukaishona tena, si njo nguo yako? Ao ni ya mutu mwingine?"

Nikasema ndiyo, ndiyo yangu.

"Basi mi nasema Safi njo ya kwanza."

Nilipoyafasiri hayo, mhandisi alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akanigeukia mimi. Yule mwimbaji wa Mvua, alisema, hakuwa kijana hata kidogo. Hiyo ndiyo albamu yao ya mwisho. Alikuwa ameugua koo, daktari amemkataza kuimba miaka miwili, na usiku ule alikuwa anajaribu kama sauti bado ipo. Nilikuwa nimesikia mzee anayejaribu tena, nikamwita kijana anayeanza. Nikaomba niusikie wimbo ule upya, kwenye spika zile kubwa, na kweli ilikuwa wazi. Sijui nilikosaje kuisikia. Papa alinitazama, akanisogezea sahani ya mandasi.

Ndipo nikamuuliza mwenye nyumba mpango wake. Alisitasita. Ya kwanza kwake, alisema, ni Pangoni.

Tulidhani anatania. Akaiweka. Ilikuwa mbovu kwenye spika nzuri kama ilivyokuwa kwenye redio yangu. Kabla tu ya wimbo wa tatu alinyanyua kidole, na katika ule ukimya mfupi tukasikia mluzi, mrefu, unaopanda mwishoni. Alisema huo ni wa rafiki yake, Mmalawi mwenzake waliyesoma naye huko Ulaya. Walikuwa wanafunzi, wamesimama nyuma kabisa kwa kuwa tiketi za mbele hawakuziweza, na baridi ilikuwa kali. Rafiki yake alipiga mluzi kama wanavyopiga wachungaji wa kwao. Wamebaki marafiki hadi leo. Anakaa Likuni, pembeni mwa Lilongwe, na kila wakionana wanabishana kama kweli ni mluzi wake.

Papa aliomba urudiwe. Tukausikiliza mara tatu. Kisha akamuuliza mhandisi walikuwa na miaka mingapi, akaambiwa ishirini na mmoja, akaitikia kwa kichwa taratibu.

Nilimaliza vipimo vya makochi, tukaaga. Njiani, basi lilipoiacha barabara kubwa, Papa alinigeukia.

"Ile ya Pangoni naipandisha. Iko ya ine sasa."

Nikamuuliza kama nafasi hiyo ya nne ni kwa ajili ya mluzi. Alisema mluzi wenyewe si mzuri kivile. Ila zamani alisikia kelele tu, na sasa anajua kuna mtu ndani yake.

Mpango wangu nao umebadilika. Mvua bado ni ya kwanza, kwa sababu nyingine. Safi imeshuka hadi ya tatu, na Papa hajanisamehe. Wiki hii alikuja bibi harusi mtarajiwa kujaribu gauni lake akatukuta katikati ya ubishi. Alisimama na mikono juu, nikimpima kwapani, akasikiliza nyimbo mbili, kisha akasema hiyo ya ngoma nyingi, Ndefu, njo inazipita zote. Papa aliacha vifungo vyake akaja kumuuliza sababu, kwa heshima kabisa, na yule dada akaanza kueleza.