Benchi la Watu Wawili

Nikifungua chupa ya kloro ili nisafishe nyumba, mate yananijaa mdomoni kama mtu aliyeitwa kula.

Nilipokuwa mtoto, ugonjwa ulikuwa umefunga masomo, hatukutoka kwenye parseli, uwanja wa nyumba yetu. Mama alinikalisha mlangoni na sahani ya bugali, majirani wanione.

"Kula. Mutoto akikonda, batasema iko mugonjwa, batakuja kumubeba."

Rafiki yangu wa jirani, niliyekaa naye benchi moja shuleni, alikuwa mwembamba tangu kuzaliwa. Watu wa afya walikuja kumbeba, wakapuliza kloro hadi kwenye kandambili zake. Mama alitazama, akaniongezea bugali.

Masomo yalipofunguliwa, vifungo vya shati langu vilikataa kufunga. Nilipumzika mara tatu nikipanda mlima wa Mususa kwenda shuleni.

"Huyu mama yake anamutunza," walisema watu njiani.

Kwenye benchi letu la watu wawili, nilijaa peke yangu.